Kiboko Mbele ya Paa za Kayole

Ayuma alijua kumtuliza mtu mbele ya kamera. Akiingia mteja katika studio ya Mzee Musab pale Majengo, awe bwana harusi au mama aliyembeba mtoto mchanga, Ayuma alimshika kidevu, akakigeuza kidogo upande wa taa, akamwambia, "Usipumue." Na mteja, hata awe mkaidi namna gani, aligeuka jiwe mpaka kitufe kibonyezwe. Kwa miaka yote aliyofanya kazi hiyo, hakuwahi kupiga picha ya kiumbe ambaye hakutaka kupigwa.

Kwa hiyo mwezi wa Julai mwaka wa tisini na nne, Kweyu alipoingia kutaka picha ndogo za kitambulisho cha kazi, Ayuma hakumwona kama mtu wa ajabu. Alikuwa kijana mrefu mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na mabegani alikuwa amekaza kama mtu anayengoja kudungwa sindano. Ayuma alianza kumsemesha ili alegee.

"Unafanya kazi wapi, kaka?"

"Ruai. Kwenye mabwawa ya maji taka."

"Na ile harufu mnaiwezaje?"

"Unazoea tu. Hata viboko wamezoea."

Ayuma aliinua kichwa kutoka kwenye kamera. "Viboko gani?"

"Viboko wa maji, siste. Wale wanyama. Wako pale, kundi zima."

Kwenye benchi kulikuwa na wanawake wawili waliokuwa wakisubiri zamu yao. Mmoja alipasuka kicheko. "Kiboko wa choo!" akasema, na mwenzake akajifunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika. Kweyu hakucheka. Alitazama mbele, na picha yake ilitoka hivyo hivyo, amekunja uso kama anayegombana na mtu asiyeonekana.

Alipokuja kuzichukua alizitazama, akazitia mfukoni, kisha akamwambia Ayuma kwa sauti ya chini, "Wewe hukucheka. Ukitaka kuwaona, njoo Jumapili. Uliza Kweyu pale langoni."

Ayuma alikuwa akiishi Huruma, ghorofa ya tatu, katika chumba ambacho dirisha lake lilitazamana na dirisha la jirani. Jioni ile, akiwa anafua nguo, alijikuta amesimama na beseni mkononi, hamwagi. Maji yale ya povu yakishuka kwenye mtaro yalikwenda wapi? Hakuwahi kujiuliza. Yalipita chini ya barabara, yakapita chini ya Dandora, yakafika Ruai, na huko, kama maneno ya Kweyu yalikuwa ya kweli, kiboko alikuwa akiyaogelea. Wazo hilo lilimkaa kichwani kama mgeni asiyeaga. Je, walifikaje? Nani aliwaleta? Wanakula nini? Na kwa nini yeye, mzaliwa wa Nairobi, awe amesikia habari za viboko wa kila mahali isipokuwa hawa wa kwao?

Jumapili hakwenda kanisani. Alikwenda Ruai.

Kweyu alimpitisha kando ya mabwawa ya kwanza, ambayo maji yake yalikuwa mazito na meusi, na Ayuma akaenda na kitambaa puani. Lakini kadiri walivyosonga mbele, bwawa baada ya bwawa, maji yalizidi kuwa mepesi, na harufu ikapungua mpaka akasahau kitambaa. Ndege walianza kuonekana: mmoja mmoja kwanza, kisha makundi, bata mwitu kwa mamia, na wengine wenye miguu mirefu waliotembea kwenye kina kifupi kwa madaha. Kwenye bwawa la mwisho, Kweyu alisimama juu ya tuta akanyoosha kidole.

"Ngoja," akasema.

Wakangoja. Maji yalikuwa yametulia tu. Kisha, mbali, ikatoka sauti kama pumzi ya mtu aliyeshusha gunia zito, na mvuke mdogo ukaruka juu ya maji. Masikio mawili yakatikisika, yakazama.

Ayuma alibonyeza kitufe mpaka filamu ikaisha. Alijaa furaha ambayo hakuitarajia.

Basi filamu ilipooshwa, furaha yote ikayeyuka. Katika kila picha palikuwa na maji mengi, mbingu nyeupe, na katikati vitone vyeusi. Alizipeleka nyumbani hata hivyo, akamwonyesha Beldina, mama aliyeuza sukumawiki na nyanya chini ya ghorofa yao, mtu asiyeficha neno lolote.

Beldina alizisogeza karibu na macho, akazisogeza mbali. "Ayuma, hizi ni tairi."

"Ni viboko, mama."

"Tairi za lori! Mtu ametupa tairi kwenye maji, wewe unaenda kumaliza filamu." Akamwita jirani. "Hebu njoo uone, ni nini hii?"

Jirani alitazama. "Huyu mmoja labda ni kiboko," akakubali. "Lakini hii si Nairobi. Hii ni Naivasha. Uliona wapi Eastlands kuna mahali peupe hivi, bila nyumba?"

Hilo la pili ndilo lililomchoma. La tairi aliliweza; dawa yake ilikuwa kusogea karibu tu. Lakini la Naivasha lilikuwa kweli kwa namna yake. Katika picha zake hapakuwa na hata kitu kimoja kinachosema mahali. Alizitandaza mezani studioni siku ya pili, akazitazama hadi Mzee Musab akaja kusimama nyuma yake.

Mzee Musab alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono kama ya watu wa Pwani, na miwani minene, na studio ile ilikuwa yake tangu Ayuma hajazaliwa. Hakuwa mwepesi wa kusifu.

"Ulisimama wapi?" akauliza.

"Kwenye tuta. Hakuna pengine pa kusimama. Ng'ambo ni tope na matete tupu."

"Na tuta liko upande gani?"

Ayuma alifikiri. "Upande wa mjini."

"Basi mji uko mgongoni kwako. Wewe umepiga picha nyika inayokwenda Athi, na jua la asubuhi limekuingia machoni. Nyumba zote umezipa mgongo." Aligonga meza kwa kidole. "Ukitaka wanyama na nyumba wakae pamoja, yakubidi uwe upande wa pili wa wanyama. Yaani majini."

"Kuna mashua," Ayuma akasema polepole. "Niliiona. Ya bati. Huwa wanaitumia kuondoa magugu."

Mzee Musab aliingia ndani, akarudi na kiboksi cha ngozi kilichochakaa pembeni, akakifungua. Ndani mlikuwa na lenzi ndefu ambayo Ayuma alikuwa ameiona mara moja tu, siku ya kuifuta vumbi.

"Hii huvuta vya mbali vikaja mbele. Kayole itakuja kukaa nyuma ya kiboko kama ukuta wa jirani." Akafunga kiboksi. "Lakini haiendi popote bila mimi."

"Mzee, ni mashua."

"Nimesikia."

Ruhusa ilikuwa mikononi mwa Nabiswa, msimamizi wa zamu ya Kweyu, mtu mnene aliyekaa ofisini na feni isiyozunguka. Ayuma alikwenda akiwa amepanga maneno. Hakuyahitaji. Nabiswa alipozisikia habari za tairi na za Naivasha, aliegemea kiti akatikisa kichwa.

"Mke wangu anasema mimi ni mwongo," akasema. "Miaka nane namwambia kazini kwangu kuna viboko. Anawaambia hata watu wa kwao, 'Huyu ndiye bwana wangu wa viboko.' Nenda, madam. Lakini picha moja ni yangu, na nyumba zionekane vizuri. Kweyu atawapeleka. Na msiende karibu sana, kuna jike mmoja siku hizi ana hasira, hatujui ana nini."

Wakaenda asubuhi ya Jumamosi, jua likiwa bado changa. Mzee Musab alikuja amevaa kanzu na koti juu yake, kiboksi kifuani kama mtoto. Mashua ilikuwa ya bati, chini bapa, na ilipokanyagwa ililia kama sufuria iliyogongwa. Kweyu alichukua mti mrefu wa kusukumia.

"Huo huitwa upondo," Mzee Musab akasema.

"Sisi tunauita mti, mzee," Kweyu akasema, akatabasamu. "Lakini wewe ni mtu wa Pwani. Leo nimepata nahodha."

Mzee Musab alishuka ndani ya mashua, akakaa katikati kabisa, akashika ukingo huku na huku. Kweyu alizamisha upondo, tuta likaanza kurudi nyuma. Ayuma, aliyekaa mbele, aligeuka kumwuliza mzee jambo kuhusu mwanga, akamwona uso umekuwa rangi ya jivu.

"Mzee, uko sawa?"

"Niko sawa."

"Unaogopa maji?"

Mzee Musab aliyatazama maji kwanza. "Mimi nimezaliwa Majengo," akasema hatimaye. "Mama kazaliwa Majengo. Bibi yangu ndiye aliyetoka Lamu, akaja na maneno yote ya baharini, upondo, tanga, omo, demani, akatufundisha sisi watoto uani. Bahari yenyewe sijaiona. Kila mtu akiniona na kofia hii hudhani naogelea kama samaki. Nami nimewaacha wadhani."

Kweyu aliacha kusukuma. "Hujawahi kupanda mashua?"

"Ndio hii."

Ayuma alitaka kucheka, lakini aliona namna vidole vilivyokaza kwenye bati, akajizuia. "Na ukaja hata hivyo?"

"Nilitaka kuona," akasema Mzee Musab, kama mtu aliyekasirishwa na swali. "Wewe peke yako ndiye unataka kuona?"

Walizunguka kwa mbali, wakapita kichaka cha matete kilichoota katikati ya bwawa kama kisiwa kidogo, wakafika upande wa mashariki. Hapo Kweyu aligeuza mashua, na Ayuma akaiinua kamera yenye lenzi ndefu, akaikaza polepole. Akashusha pumzi. Kule mbele, ng'ambo ya maji na ng'ambo ya nyika yenye majani makavu, paa za Kayole zilisogea zikaja zikasimama zote pamoja, bati juu ya bati, na nguo za watu kwenye kamba, na tangi la maji. Chini yake maji yaling'aa. Kilichokosekana kilikuwa kiboko tu.

"Wako wapi?" akanong'ona.

"Wako chini," Kweyu akasema. "Wanatembea huko chini. Hawaogelei kama sisi, wanatembea kwenye tope."

Ayuma aliyatazama maji yaliyokuwa chini ya mashua kwa jicho jingine. Alitamani kuwa na lenzi ya kuona ndani. Je, wanafumbua macho huko? Wanajuaje njia? Alianza kuona mambo: kabla ya kichwa kutoka, maji huvimba kidogo, kama shuka linaloinuliwa na goti la mtu aliyelala. Akajifunza kuelekeza lenzi kwenye ule uvimbe badala ya kungoja masikio. Uvimbe ukatokea, akakaza, na kichwa kikaibuka palepale, chenye rangi ya waridi kuzunguka macho na pua pana kama makopo mawili yaliyolazwa, maji yakitiririka. Akabonyeza. Wa pili. Watatu. Mmoja akafungua kinywa, akakiacha wazi muda mrefu kwa uvivu, meno yake yakiwa yamepinda huku na kule, na nyuma yake, sawasawa na taya la juu, zikakaa paa za Kayole.

"Nimempata," Ayuma akasema. "Mzee, nimempata na nyumba zote."

"Basi turudi," Mzee Musab akasema. "Kwa njia fupi, tafadhali."

Njia fupi ilipita ubavuni mwa kile kichaka cha matete. Kweyu alisukuma kuelekea huko, na walipokikaribia, upande wa kushoto maji yakavimba. Safari hii hayakuvimba kidogo. Kichwa kilitoka kikiwa kimeshainuka, kikakoroma sauti ambayo Ayuma aliisikia tumboni kabla ya masikioni, kikazama tena, na mstari wa mawimbi ukaanza kuja moja kwa moja kwao.

"Ni yule!" Kweyu akasema. Alichoma upondo kwa nguvu ili awahi mbele, ukazama kwenye tope, ukang'ang'ania. Alivuta, mashua ikainama, Mzee Musab akapiga kelele, na Kweyu akauachilia. Mashua ikabaki inaelea, upondo umesimama peke yake nyuma yao kama nguzo ya stima.

Yule jike aliibuka tena, karibu zaidi. Hakuwa akiwaangalia wao hasa. Ayuma, ambaye jicho lake halikuwa limeondoka kwenye lenzi kwa sababu hakujua pengine pa kulipeleka, aliliona hilo. Mnyama alitazama kando yao, nyuma yao. Akageuza lenzi huko, kwenye matete. Majani yalikuwa yakitikisika bila upepo. Kati ya mashina mawili palikuwa na kichwa kidogo cha rangi ya tope laini, kisichozidi ukubwa wa debe, chenye masikio yaliyokuwa yakizunguka kwa haraka haraka.

"Ana mtoto," akasema. "Kweyu, ana mtoto kwenye matete. Tumemkatia njia. Usiende mbele, turudi tulikotoka!"

"Turudi na nini? Mti umenasa kule!"

Hapo ndipo Mzee Musab alipouachilia ukingo. Huyu alikuwa mtu ambaye, akirashiwa tone la maji ya mtaro njiani, alirudi nyumbani kubadilisha nguo kabla ya sala. Alikunja mikono ya koti na ya kanzu, akainama upande wake, akaitumbukiza mikono yote miwili katika maji yale mpaka kwenye viwiko, akaanza kupiga makasia kwa viganja. "Ya Rabi, nitaoga mpaka ngozi ibanduke," akawa anasema, "mpaka ibanduke, kijana, piga maji na wewe!" Kweyu akainama upande wa pili. Ayuma aliiacha kamera ining'inie shingoni, akapiga maji kutoka mbele. Mashua ilisita, ikatikisika, kisha ikaanza kurudi nyuma, shibri kwa shibri, na nafasi kati yao na matete ikafunguka.

Jike alizama. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha mashua ikainuka. Haikugongwa, iliinuka tu, taratibu, kama kifua cha mtu anayevuta pumzi, ikashuka tena. Kitu kizito kilikuwa kimepita chini yao.

Aliibuka penye matete. Yule mdogo alitoka kwenye mashina akajirusha majini, akapotea, na walipomwona tena alikuwa juu ya mgongo wa mama yake, anateleza, anapanda, anateleza tena, mpaka akatulia. Mama alisimama, ubavu mmoja ukiwa upande wao. Nyuma yake kulikuwa na Kayole.

Ayuma alifuta mikono kwenye gauni. Aliinua kamera, akajiambia mwenyewe neno analowaambia wateja, akabana pumzi, akabonyeza. Akabonyeza tena. Wakati alipoishusha, wale wawili walikuwa wameshazunguka nyuma ya kichaka.

Nabiswa aliyaona yote kutoka kwenye tuta. Alikuja akikimbia ukingoni, tumbo likimtangulia, na walipofika karibu kwa kupiga maji kwa viganja aliwarushia kamba. Mzee Musab alipokanyaga ardhi alikaa chini papo hapo, juu ya majani, mikono ameinyoosha mbele isiguse nguo.

"Sasa najua hasira yake," Kweyu akamwambia Nabiswa, akihema. "Amezaa."

"Amezaa?" Nabiswa alirudia, akatazama bwawa, uso wake ukabadilika kama mtu aliyeambiwa habari za ukoo wake. "Amezaa hapa kwetu?"

Mzee Musab aliifanya kazi ya kuosha filamu mwenyewe. Ayuma alisimama kando yake katika chumba cha giza, chini ya taa nyekundu, sabuni ikinukia mikononi mwa mzee kushinda hata dawa. Ile picha ya kinywa wazi ilitoka, lakini ilikuwa imetikisika. Meno yalikuwa na kivuli na paa zilikuwa ukungu. Mzee akatia karatasi nyingine katika sinia, akalitikisa polepole. Kwanza zikaja paa, mistari myembamba. Kisha tangi. Kisha ubavu mkubwa mweusi. Mwishoni kabisa, kama aliyekuwa akisitasita kutoka, akaja yule mdogo juu ya mgongo, masikio yamesimama.

"Hii," Mzee Musab akasema, "sijawahi kuipata mimi katika maisha yangu yote ya kazi." Akaiinua kwa koleo, akaitazama maji yakidondoka. "Wala nisingeweza. Mimi ningekuwa nimefumba macho."

Waliichapa kubwa, wakaitundika dirishani pa studio. Watu walisimama. Waliokuwa wakienda Gikomba na mizigo mgongoni walisimama nayo mgongoni. Kijana mmoja wa Kayole aliweka kidole kwenye kioo akasema, "Lile tangi ni letu. Wee, lile tangi ni letu!" na akarudi jioni na wenzake kumi. Nabiswa alipewa yake, akaisafirisha hadi nyumbani ikiwa imefungwa kwa gazeti. Alipoulizwa mke wake alisemaje, alijibu kwamba alinyamaza siku nzima, kisha akauliza kama anaweza kupelekwa aone.

Beldina naye alikuja, kutoka Huruma hadi Majengo kwa miguu, akiwa amevaa nguo ya Jumapili. Alisimama mbele ya picha akiwa ameweka mikono kiunoni. Ayuma alitoka nje akasimama karibu naye, akingoja aambiwe kitu kuhusu tairi. Beldina hakugusia tairi.

"Ayuma, hebu niambie," akasema. "Huyu mtoto ananyonyaje?"

"Ananyonya kama watoto wote."

"Wapi? Mama yuko ndani ya maji siku nzima. Titi liko chini, majini. Mtoto akinyonya atapumua na nini?"

Ayuma alikuwa amemtazama mnyama yule kwa lenzi bora kuliko zote za Majengo, na swali hilo halikuwa limempitia. Alimpigia Kweyu simu kazini kutoka kwenye kibanda. Kweyu alisema hajui, labda hutoka nchi kavu usiku. Alimwuliza Mzee Musab, naye akasema bibi yake hakuwaachia neno lolote kuhusu maziwa ya kiboko.

Jumapili iliyofuata alirudi Ruai. Safari hii hakutaka mashua, na filamu aliyokuwa nayo ilikuwa vipande vichache vilivyosalia. Alikaa juu ya tuta na darubini aliyokopeshwa na Nabiswa. Mzee Musab alikuja pia, bila kualikwa, na mahamri katika karatasi, akakaa mbali na ukingo. Bwawa lilikuwa tulivu. Asubuhi ilipita yote pasipo jambo. Ndege walitua, wakaruka. Adhuhuri mzee aliondoka kidogo kusali, akarudi.

Alasiri jua lilipolegea, jike alitokea katika kina kifupi karibu na matete, akasimama pale bila kula wala kutembea, mgongo ukiwa nje. Mtoto alikuwa ubavuni pake. Kisha mtoto akakunja masikio yake, yote mawili, akayabana kabisa kichwani. Matundu ya pua yakajifunga. Akazama.

Ayuma alishikilia darubini. Alijikuta naye hapumui. Alihesabu moyoni, akapoteza hesabu. Mtoto akaibuka, akapumua mara moja, puh, masikio yakafunguka yakirusha maji. Akayakunja tena, akarudi chini, palepale, ubavuni pa mama ambaye hakusogea hata kidogo.

"Mzee," Ayuma akanong'ona. "Ananyonya huko huko chini. Anafunga masikio, anafunga pua, ananyonya."

"Lete nione."

Alimpa darubini. Mzee Musab alivua miwani, akaiweka magotini, akatazama muda mrefu, mdomo wazi kidogo, makombo ya mahamri kwenye ndevu.

"Sasa mbona akinyonya hamezi na maji?" akauliza.

"Sijui," Ayuma akasema, na akasogea karibu ili watazame kwa zamu.